Vidole Kumi vya Bartholomayo

Ijumbi,
9 Mei 1954

Mdogo wangu Anatory,

Nakusalimu wewe na viatu vyako vya ukarani. Tata anakusalimu wewe mwanawe, migomba inakusalimu, na yule beberu aliyekukimbiza Pasaka bado yupo na bado anakuulizia.

Nina habari ya kuchekesha. Unajua kwamba mwezi uliopita magunia ya kahawa yaliibwa katika ghala la hapa kijijini. Basi Jumanne alikuja inspekta mmoja mgeni, Mzungu kijana mwenye miwani, na askari wawili na meza ya kukunja. Ikatangazwa kwamba kila mwenye nyumba karibu na ghala aje na mikono safi. Sisi tukadhani tunakwenda kusalimiwa. Wanawake wote tukajipaka samli mikononi, kama tunavyofanya tukiitwa mbele ya wakubwa. Kumbe mwenzetu anataka kutupaka wino! Kadi ya kwanza ikatoka doa la mafuta tupu, ya pili vilevile, na kwa ya tatu bwana yule akavua miwani akaifuta, akidhani macho yake ndiyo mabovu. Tukarudishwa kisimani kunawa kwa majivu, wanawake kumi na wawili kwa mstari, Mama Kokwijuka mbele akituimbisha wimbo wa harusi. Hata askari walicheka.

Walichukua vidole vyote kumi, kimoja kimoja, watu arobaini na mmoja. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi siku ya wizi. Jirani yetu Josia aliuliza sababu, akajibiwa kwamba asiye mwizi hana cha kuogopa. Tata alikaa akitazama mbele, askari akimshika kidole baada ya kidole kama anamkata kucha mtoto mchanga.

Sasa wewe unayekaa na vitabu vya sheria, niambie, hivi jambo hili linaruhusiwa? Nauliza kwa kutaka kujua tu. Sisi hatujambo. Tata amechoka kidogo.

Dada yako,
Benadetha


Bukoba,
21 Mei 1954

Dada mpendwa,

Barua yako nimeipata na kuisoma kwa furaha. Kuhusu jambo uliloliuliza, Serikali ina taratibu zake, na wananchi hawana sababu ya kuwa na wasiwasi. Shughuli za namna hiyo hufanywa kwa manufaa ya wote, na lililo muhimu ni watu kushirikiana na maofisa wanaohusika.

Hapa mvua haijakata. Kazi ni nyingi, na nimeongezewa kabati jingine la kutunza. Pamoja na barua hii natuma sabuni vipande viwili, kimoja chako na kimoja cha Tata kwa ajili ya ule wino. Mwambie nikipata likizo nitakuja kusaidia kuchuma kahawa. Mikahawa inaonekanaje mwaka huu?

Ndugu yako mtiifu,
Anatory Ishengoma


Ijumbi,
6 Juni 1954

Bwana Serikali,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mdogo wangu ndani yake, sikumwona. Nimekuuliza swali, ukanitumia sabuni. Josia anasema barua hiyo tuibandike kwenye mlango wa baraza ili watu wote wafaidike nayo.

Umeuliza habari za mikahawa. Kahawa imeiva na inadondoka chini. Sasa nikueleze nilichokuficha, maana uchovu wa Tata si uchovu. Tangu siku ile ya wino hajaingia kibanjani. Hatandazi nyasi, haondoi majani makavu ya migomba, na kahawa haigusi. Nikichuma mimi, ananitazama kama ninaiba. Wiki iliyopita alichukua mkeka wake akahamia jikoni. Nilipomuuliza, akasema, "Nisije nikaizoea nyumba ya watu."

Ilinichukua siku tatu kumtoa maneno. Unajua habari za Baba mkubwa Rutashobya, kaka yake Tata. Kabla wewe hujazaliwa aliweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, na baadaye ikaonekana kwamba amempa mtu mwingine kibanja chake chote, shamba na nyumba. Akahama na watoto, akafia ugenini, na kaburi lake liko kwenye ardhi ya watu. Tangu hapo, kwa Tata, dole gumba kwenye karatasi lina kazi hiyo moja tu. "Rutashobya alitoa kimoja," ananiambia, "akapoteza kibanja. Mimi nimetoa vyote. Sasa wamenibakizia nini, jamani waitu?"

Nimemweleza mpaka koo limekauka. Anasikiliza vizuri, ananishukuru, halafu anarudi jikoni. Jana nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Babu na la Mama, kofia mkononi. Alikuwa anawaaga. Anatory, nililia. Baba yetu anataka kulala pale kati yao siku yake ikifika, na anaamini ameshapoteza nafasi hiyo.

Swali langu ni lilelile. Nijibu kama ndugu.

Benadetha


Bukoba,
14 Juni 1954

Dada,

Nisamehe. Nitakujibu yote, na ukimaliza kusoma utaona kwa nini ile barua ya kwanza niliiandika vile.

Kadi za Ijumbi zililetwa hapa, kwenye ofisi ninayofanyia kazi. Kabati nililokuambia nimeongezewa ndilo hilo. Kadi zote arobaini na moja nilizipanga mimi, kwa mikono yangu, siku mbili kabla barua yako haijafika. Ya Tata ni ya ishirini na tatu. Ningeijua hata bila jina, kwa lile kovu la mundu kwenye gumba la kushoto. Linaonekana wazi kabisa, mstari mweupe unaokatiza katikati. Niliishika, nikaitazama, nikaiweka mahali pake. Droo ya juu yake ni ya kadi za watu waliofungwa. Kisha nikaenda kula chakula cha mchana. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa, na chakula nilikimaliza.

Swali lako lina jibu, na jibu lipo kwenye rafu nyuma ya kiti changu. Sheria inasema mtu anachukuliwa alama za vidole akiwa amekamatwa kwa kosa. Akiachiwa bila kushtakiwa, kadi yake iharibiwe au arudishiwe mwenyewe. Nimetafuta kurasa zote, hakuna mahali panaporuhusu kukiita kijiji kizima kwa sababu tu kinakaa karibu na ghala. Tena mwizi ameshapatikana! Ni dereva mmoja wa lori, amekamatwa njia ya Biharamulo na magunia yakiwa bado na alama za ghala. Nikadhani sasa kadi zitarudi kwa wenyewe. Inspekta akasema zibaki, zitafaa siku nyingine.

Njia ipo. Mwenye kadi aiombe kwa maandishi, kwa jina lake, mbele ya hakimu. Hakimu atasikiliza mashauri Muleba tarehe 12 Agosti. Barua ya maombi nimeshaiandika, imo humu ndani pamoja na nakala za majirani. Tata aweke alama yake chini, basi. Usiseme imetoka kwa nani, maana karani anayewaandikia watu malalamiko juu ya kabati lake mwenyewe hadumu kazini. Na kwa heshima ya Mama nakuomba, usimwambie Tata nani alizipanga.

Anatory


Ijumbi,
27 Juni 1954

Mdogo wangu,

Sasa ni wewe. Karibu tena. Kuhusu kile chakula cha mchana nilikasirika siku nzima, nikakutukana mbele ya mbuzi, halafu nikaacha kwa sababu kuna kazi.

Nilimsomea Tata barua ya maombi. Akafurahi mpaka akaniomba niirudie. Tukafika mwisho, pale pa kuweka dole gumba, akaingiza mkono ndani ya kanzu. "Benadetha," akasema, "yaani nidai vidole vyangu kumi kwa kuwaongezea cha kumi na moja?" Nikamwambia basi aweke msalaba, unakubalika pia. Akasema msalaba anawekewa mtu akishazikwa, na yeye bado hajajua atazikwa wapi. Wewe ungemjibuje?

Kwa hiyo nimeamua kwamba atajifunza kuandika jina lake. Cheka, halafu endelea kusoma. Daftari amelikataa, eti asiharibu karatasi, basi tunatumia jani la mgomba. Unachora kwa kijiti, mstari unabadilika kuwa mweusi, na asubuhi yake beberu anakula masomo yote. Tata anamlalamikia padre aliyembatiza. Josia ana herufi tano tu, yeye amepewa kumi na mbili. "Walutheri wamependelewa," anasema, na Josia anakaa pale kwenye kigoda kujionyesha. Ila O ameipenda sana, kwa kuwa ukiijua hiyo umeshamaliza robo ya jina. Kinachomtesa ni R. Kila siku inamwangukia kifudifudi.

Halafu sikia. Jani halipatikani mpaka mtu aingie migombani. Siku za mwanzo alinituma mimi. Jana alikwenda mwenyewe, na akiwa kule akaondoa majani makavu mawili matatu, akatazama huku na huku. Mimi nikajifanya napepeta maharage.

Kuna jambo moja. Juzi aliniuliza kadi zinatunzwa na nani. Nikasema na karani. Akauliza karani gani. Nikasema Bukoba makarani ni wengi. Akaendelea na R yake, hakuuliza tena.

Dada yako,
Benadetha


Bukoba,
18 Julai 1954

Dada,

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu Philbert akauliza kama nimepandishwa cheo. Mwambie Tata kwamba R ni B iliyofunguliwa mlango kwa chini. Mimi nilifundishwa hivyo na R yangu imesimama mpaka leo.

Lakini yaliyobaki si ya kucheka. Hakimu amenichagua mimi niwe mkalimani wake Muleba, na ameagiza kadi zote ziletwe pale, na wa kuzibeba ni mimi. Maana yake nitasimama mbele ya Tata na lile boksi mikononi. Hakimu hajui kwamba ni baba yangu. Ofisini mimi ni Ishengoma, na kwenye kadi yeye ni Bartholomayo tu. Nimefikiri nimweleze, lakini mkalimani mwingine aliyepo ni rafiki wa yule inspekta, wanacheza mpira pamoja, na sitaki maneno ya watu wa Ijumbi yapite mdomoni mwake. Nimefikiri pia kusema naumwa. Nafikiri hivyo kila asubuhi.

Usimwambie kwamba nitakuwepo. Aandike jina lake kwa utulivu.

Anatory


Bukoba,
15 Agosti 1954

Dada yangu,

Najua ulikuwepo, nilikuona na Josia kwenye benchi la nyuma, lakini kule nyuma watu walikuwa wakinong'ona na sidhani kama mlisikia. Acha nikueleze nilivyoona kutoka pale mbele.

Hakimu alipomuuliza kama ataweka dole gumba, Tata alisema, "Hapana, bwana, naandika." Nikatafsiri. Akapewa kalamu, akasimama wima, maana kwa kukaa alisema mkono haufiki. Alipoanza, hakimu alitazama saa mara mbili. Alipofika kwenye T, hakimu akaacha kutazama saa. Dada, R ilisimama! Nilikuwa karibu niinue mikono kushangilia.

Kisha inspekta akasema kwamba watu kumi na tisa tu ndio walioomba, kwa hiyo kadi za wengine zibaki. Hakimu akamjibu kwamba sheria haikuwekwa kwa ajili ya wanaojua kuomba peke yao, na kilichochukuliwa bila haki hakihitaji kuombwa ili kirudi. Zirudi zote arobaini na moja siku ileile. Nilipolitafsiri neno hilo sauti ilinikatika. Inspekta akanisogezea maji, akidhani ni mafua. Mtu mbaya hasa hakuwa, Dada, na sijui nifanye nini na jambo hilo.

Nikaanza kugawa. Unakumbuka jinsi Mama Kokwijuka alivyoibusu kadi yake. Ilipofika zamu ya Tata, aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante, karani." Hivyo tu. Hakuniita jina, hakunitazama usoni. Kisha nikaingia kwenye gari la hakimu tukarudi Bukoba, na nyumbani palikuwa pua na mdomo kutoka pale.

Amejua. Najua amejua. Tangu siku hiyo chakula hakishuki. Watu wote wamepata vidole vyao na mimi sijui kama bado nina baba. Usimsomee barua hii. Niambie tu kama nije au nisije.

Anatory


Ijumbi,
30 Agosti 1954

Kwa mwanangu Anatory Ishengoma,

Maneno ni yangu na mkono ni wa dada yako, kwa sababu mimi najua kuandika neno moja tu. Nasema kwa Kihaya naye anageuza. Nimemwonya asiongeze chumvi.

Usimkasirikie. Alikuwa ameificha barua yako kwenye kapu la kahawa, na siku hizi kapu hilo nalitumia mimi. Nikaikuta, nikamwambia asome, kisha nikamwambia alete na zile nyingine. Amezisoma zote, na ile ya chakula cha mchana pia.

Kwanza nikuseme. Uliiweka kadi ya baba yako karibu na za wafungwa ukaenda kula. Ulikosea. Nimesema mara moja, yamekwisha.

Pili, nilijua tangu mwezi wa sita. Dada yako aliponiambia makarani ni wengi, alitazama chini, na Benadetha tangu utoto hajui kudanganya. Nikajua kadi yangu iko mikononi mwa mwanangu. Siku hiyohiyo nikarudisha mkeka wangu chumbani, yeye mwenyewe atakuambia. Jambo ulilonificha kwa aibu ndilo lililonipa usingizi. Ungelisema mapema, nisingekaa na moshi wa jikoni wiki zote zile.

Utauliza basi kwa nini niliendelea kuhangaika na R. Ni kwa sababu karani anahamishwa na kabati linabaki. Leo ni wewe unayenipenda, kesho ni mtu asiyenijua. Sikutaka vidole vyangu vikae salama kwa sababu ya undugu. Nilitaka vikae kwangu.

Tatu, nilikuita karani kwa sababu ulikuwa kazini. Ningekuita mwanangu pale, inspekta angesema kadi zimerudi kwa mambo ya kifamilia, na wenzangu arobaini wangeondoka mikono mitupu. Na sikukutazama usoni kwa sababu ningelia. Nilikuwa nimetoka kuandika jina langu mbele ya Wazungu wawili, sikutaka kuliharibu.

Josia aliitia kadi yake motoni, akachemshia maji ya kunawa. Mama Kokwijuka ameitundika ukutani chini ya Bikira Maria. Mimi niliambiwa niichane, lakini sikuichana. Nimechimba nyuma ya nyumba, kati ya babu yako na mama yako, pale pangu, nikaizika. Vidole vimetangulia. Mwenyewe sina haraka, kwa sababu kahawa ya upande wa bondeni yote bado iko juu ya miti, na wewe una mikono miwili.

Njoo, mwanangu.

BARTHOLOMAYO